Shule Ndani ya Zahanati ya Meno

Watu wengi hudhani kwamba daktari wa meno hufanya kazi peke yake. Kwa kweli, kando yake huwapo msaidizi atayarishaye vyombo, afyonzaye mate, achanganyaye dawa ya kuzibia jino na kuhakikisha kwamba ugonjwa wa mtu mmoja haumfikii mwingine. Je, msaidizi huyo aweza kufundishwa ndani ya zahanati yenyewe?

Historia inalo jibu. Mwaka 1906, katika mji wa Bridgeport, Marekani, Dakta Alfred Fones alianza kumfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kuondoa ukoga katika meno ya wagonjwa. Fones aliamini kuwa usafi wa mara kwa mara huzuia meno kuoza. Mwaka 1913 alifungua shule katika banda la magari ya farasi lililokuwa karibu na zahanati yake, na mwaka 1914 wanawake 27 walihitimu. Baadhi yao waliajiriwa kusafisha meno ya watoto wa shule mjini humo.

Hata hivyo, banda na kiti cha mgonjwa peke yake havikutosha. Fones aliwaalika wataalamu wa vyuo vikuu waje kufundisha, na mwaka 1915 sheria ya jimbo la Connecticut ikaweka mipaka ya kazi hiyo mpya. Mwaka 1917 Newman alipewa leseni ya kwanza ya kazi hiyo.

Kwa nini elimu itangulie mazoezi? Tuchukue mfano wa kutakasa vyombo. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi huua vijidudu vingi, lakini baadhi ya bakteria hujifunika kwa gamba gumu na kunusurika. Mvuke uliobanwa ndani ya chombo kilichofungwa hufikia nyuzi 121, na kwa muda wa dakika 15 huangamiza hata hao. Lakini damu iliyokauka juu ya chombo huwakinga vijidudu dhidi ya mvuke. Kwa hiyo kuosha hutangulia kutakasa. Aliyeonyeshwa tu kitufe cha kubonyeza hataona hatari akiwa na haraka. Aliyefahamu sababu hataruka hatua hiyo hata foleni iwe ndefu.

Faida ya shule ya namna hii ni dhahiri: mwanafunzi hukutana na kazi halisi kila siku, na vifaa vya gharama kubwa havinunuliwi mara mbili. Lakini zipo hatari mbili. Kwanza, mwanafunzi huiga mazoea ya mwalimu mmoja, mema na mabaya. Hivyo yafaa mtihani utungwe na kusahihishwa na watu wa nje. Pili, mwenye zahanati aweza kumgeuza mwanafunzi kuwa kibarua asiyelipwa. Saa za masomo hazina budi kutengwa na saa za kazi, na mwanafunzi apate chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kushika chombo chenye ncha kali.

Basi, zahanati yaweza kuwa shule bora iwapo mwenyewe atakubali kukaguliwa. Mgonjwa aliyefumbua kinywa hawezi kuona kama chombo kimetakaswa. Hana ila kumwamini aliyekitayarisha.