Upime Mguu Kabla Hujanunua Soksi

Pengine nyumbani kwako yupo mtu ambaye mguu wake umevimba mwaka baada ya mwaka. Asubuhi umepungua kidogo, jioni umejaa tena. Kama u mtu wa pwani, huna haja ya kuelezwa matende ni nini. Kama wakaa bara, huenda wamjua mama aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, na sasa mkono wa upande ule umekuwa mzito kama mtungi uliojaa. Tena huenda ana mtoto mjini ambaye amesikia habari za soksi za kubana, naye yu tayari kununua jozi moja na kuituma kwa basi. Ni mtoto mwema. Lakini kabla hajatoa fedha yake, msomee habari hii.

Mwilini mwetu, mbali na mishipa ya damu, mna vijia vingine vyembamba sana vichukuavyo maji yaitwayo limfu na kuyarudisha katika damu. Vijia hivyo vikiharibika, maji hukosa njia, yakakaa pale pale chini ya ngozi. Katika matende waharibifu ni minyoo myembamba kama nyuzi, inayoenezwa na mbu. Kwa mama yule wa saratani, njia ilikatika tezi za kwapani zilipoondolewa au zilipochomwa kwa mionzi. Na katika milima ya Ethiopia, Uganda, Rwanda na Cameroon wako watu waliovimba miguu bila mnyoo wo wote, kwa sababu ya kutembea pekupeku miaka mingi katika udongo mwekundu wa volkeno.

Tangu mwaka 2000, Tanzania ilipoanza kugawa dawa za kuzuia matende katika kisiwa cha Mafia, watu wengi wamekingwa na ugonjwa huo. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini dawa ile haiurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mguu huo wahitaji kutunzwa kila siku, na mbano ni sehemu moja ya utunzaji huo.

Mbano wasaidiaje? Ingia baharini usimame maji yakufike kifuani. Maji yanakusukuma pande zote, na kwa kuwa kina huongeza uzito wa maji, nguvu yake ni kubwa zaidi kwenye vifundo vya miguu kuliko kiunoni. Bwana Conrad Jobst, mhandisi wa mji wa Toledo katika Marekani, alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya miguu, akatambua kwamba akisimama katika bwawa la kuogelea hupata nafuu. Akafikiri: kwa nini nisitengeneze soksi ifanyayo kazi ya maji yale? Mwaka 1950 akaanzisha kazi ya kutengeneza soksi za namna hiyo, zinazobana sana kifundoni na kulegea kidogo kidogo kadiri zinavyopanda. Kanuni hiyo ingali inatumika hata leo.

Sasa tazama hatari iliyomo. Soksi ikibana zaidi juu kuliko chini, haiyasukumi maji yapande. Yayazuia kama kamba iliyofungwa mguuni. Na hivyo ndivyo inavyokuwa mtu akivaa soksi iliyopimwa kwa mguu wa mwingine, au akikunja ukingo wa juu kwa sababu soksi ni ndefu mno. Ukingo uliokunjwa hubana mara mbili.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Lastiki ya nguvu ile ile hubana zaidi kitu chembamba kuliko kitu kinene. Wembamba wa kifundo, ukali wa mfupa wa muundi, mshipa wa nyuma ya kisigino, hapo ndipo ngozi huumia kwanza. Watu wawili wakivaa soksi ya namna moja, kila mmoja hupata mbano wake. Ndiyo sababu twasema soksi ya jirani haikufai, hata kama yeye imemponya.

Basi ni lini mguu upimwe? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nguo ya kubana kazi yake hasa ni kuushika mguu uliokwisha kupungua, usivimbe tena. Uvimbe ukiwa mkubwa, kwanza hufungwa bendeji ngumu zisizovutika sana, kwa siku au majuma kadha, na mtu mwenye ujuzi. Mguu unapokuwa umepungua na kutulia, ndipo unapopimwa. Aliyenunua soksi wakati mguu umejaa, atajikuta ana soksi pana isiyoshika kitu. Na aliyekwisha kutulia apimwe asubuhi, kabla hajazunguka na kusimama. Fundi mwema hupima unyayo, kifundo, shavu la mguu, chini ya goti, na kama uvimbe umefika pajani hupima na paja, tena hupima urefu. Akikuuliza tu namba ya kiatu, tafuta fundi mwingine.

Kisha lipo suala la ufumaji. Soksi nyingi za madukani hufumwa kwa mviringo, hazina mshono, nazo ni nyembamba. Zafaa mguu wenye uvimbe mdogo ambao bado una umbo lake. Lakini mguu wa matende ya siku nyingi una mikunjo na mabonde, na soksi nyembamba huzama katika mkunjo, ikakata ngozi. Mguu wa namna hiyo unahitaji nguo iliyofumwa bapa kisha ikashonwa kwa kipimo cha mwenyewe. Ni nene zaidi, ina mshono, haipendezi machoni, na bei yake ni kubwa. Lakini hupita juu ya mkunjo bila kuzama. Mahali pasipopatikana nguo hiyo, bendeji pamoja na pamba au sponji ya kujaza mabonde ni bora kuliko soksi nzuri isiyofaa.

Juu ya nguvu ya mbano, usidanganyike na neno “daraja”. Kwa kipimo cha Wajerumani daraja la pili ni milimita 23 hadi 32 za zebaki. Kwa kipimo cha Uingereza daraja la pili ni 18 hadi 24 tu. Uliza milimita, na daktari ndiye aseme ni ngapi. Wala usidhani kwamba kali zaidi ndiyo bora. Ikiwa damu haifiki vizuri mguuni, mbano mkali waweza kuufisha mguu. Kwa hiyo daktari au muuguzi hulinganisha mpigo wa damu wa kifundoni na wa mkononi. Ule wa mguu ukiwa chini ya nusu ya ule wa mkono, mguu usibanwe. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni, mwenye moyo dhaifu, na mwenye damu iliyoganda katika mshipa wa ndani, wote hao wasijaribu bila daktari. Na mguu ukishikwa na homa, ukawa mwekundu na wa moto, dawa ya kutibu homa ndiyo ya kwanza. Soksi ingoje mpaka daktari aruhusu.

Lakini vipimo vyote vikiwa sawa, bado hatujamtazama mwenye mguu. Bibi mwenye vidole vilivyokakamaa hawezi kuvuta soksi ngumu, na kama hakai na mjukuu wa kumvisha, itabaki sandukuni. Yeye afadhali apewe nguo ya kufungwa kwa mikanda ya kunatana, au soksi mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Mzee wa pwani anayetawadha mara tano kwa siku naye huona mikanda ile ni rahisi kuliko soksi. Fundi cherehani anayekaa kutwa hukerwa na soksi ya pajani inayojikunja nyuma ya goti. Ikiwa uvimbe wake hauvuki goti, soksi fupi yamtosha. Mama wa mkono uliovimba atazamwe kiganja chake: kama nacho kimevimba, mkono wa nguo peke yake utayasukuma maji yajae vidoleni. Yeye anahitaji na kipande cha kiganja. Na huyo alimaye mpunga na kushinda matopeni? Kwake twasema kweli: buti na kuosha mguu kila jioni huja kabla ya soksi yo yote.

Kuosha kusisahauliwe na mtu ye yote. Maji safi na sabuni, kukausha vizuri kati ya vidole, na mafuta wakati wa kulala, si asubuhi, maana mafuta huharibu lastiki. Soksi huvaliwa asubuhi mtu angali kitandani, akiwa na glavu za mpira ili ashike vizuri bila kuitoboa kwa kucha. Kwa kawaida usiku huvuliwa. Hufuliwa kwa mkono, huanikwa kivulini, haipigwi pasi.

Siku za kwanza mtazame mgonjwa wako. Vidole vikigeuka rangi, vikifa ganzi, maumivu yakizidi, au uvimbe ukitokea chini ya ukingo, mvue mara moja, umrudishe kwa aliyempima. Asiambiwe avumilie.

Tena mwambie yule mtoto wa mjini ajue hesabu yote mapema. Zahitajiwa mbili, moja ivaliwe na moja ifuliwe, na lastiki huchoka kwa muda wa miezi mitatu hadi sita. Kama fedha yake yatosha mara moja tu kwa mwaka, bendeji zinazofuliwa na kutumika tena, pamoja na nauli ya kumpeleka mama kwa anayejua kuzifunga na kumfundisha binti wa nyumbani, zitamfaa zaidi kuliko jozi moja ya bei kubwa.