Ndovu wa Sagalla na gemu ya Python

Chini ya Mlima Sagalla, karibu na Voi, wakulima huning'iniza mizinga ya nyuki kwenye nguzo kuzunguka shamba ili ndovu wa Tsavo wasivamie mahindi. Ndovu anaogopa nyuki, usicheke. Sasa, ukitaka nafasi 10 kwenye mstari mmoja, chimbia nguzo 11. Sahau ile ya mwisho, ndovu ashapata mlango.

Kosa hilohilo huwanasa wanaounda gemu ya matofali kwa Python. Ubao wa kawaida wa Tetris, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, una safu wima 10 na mistari 20. Kwa hivyo chora mistari 11 ya wima na 21 ya mlalo: range(10) huishia 9, andika range(11). Kama kila chumba ni pikseli 30, fungua dirisha la 301 kwa 601, la sivyo mstari wa mwisho utaanguka nje.

Lakini kinachokesha watu ni hiki: [[0]*10]*20. Inakaa poa, kumbe mistari yote 20 ni mmoja tu. Weka tofali moja chini, safu nzima inapakwa rangi hadi juu! Andika [[0]*10 for _ in range(20)], kila mstari ujitegemee.