Joto Halimo Mfukoni

Kitendawili!

Tega.

Sina joto hata chembe, lakini anayejifunika nami hatetemeki.

Jibu ni blanketi, na najua kuna atakayebisha. Blanketi litakosaje joto, na kila asubuhi unaitwa mara tatu ndipo ulitoke? Basi fanya jaribio. Okota jiwe, livingirishe ndani ya blanketi zito kuliko yote nyumbani kwenu, liache usiku kucha. Asubuhi lipapase: lina baridi ileile. Au nenda pwani penye mnada wa samaki, uone mapande ya barafu yanavyofunikwa magunia na vumbi la mbao ili yasiyeyuke. Blanketi, gunia na vumbi la mbao ni walinzi wa mlangoni tu. Kilicho ndani hakitoki, kilicho nje hakiingii. Joto unalolisikia chini ya blanketi umekuja nalo mwenyewe.

Likumbukeni hilo, wanangu, maana hadithi yote ya leo imesimama juu yake. Nataka kuwasimulia juu ya mfuko wa kulalia wa wapanda milima, ule ambao watu wa Moshi huuita slipingi begi: mfuko ambao ukiubeba mkononi unadhani ni mtupu, na bado mtu analala humo juu ya theluji.

Kwanza tuijue baridi yenyewe. Kila unapopanda meta 1,000, hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 hivi. Kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, kiko meta 5,895 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu meta 5,000 juu ya mji wa Moshi. Usiku ambao Moshi kuna nyuzijoto 20, fanya hesabu: kule juu ni kama nyuzijoto 10 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Chini ya kilele, zaidi ya meta 4,600, kuna Kambi ya Barafu. Wapandaji hufika hapo mchana, hula, hulala saa chache, kisha huamshwa usiku wa manane waanze kupanda. Saa hizo chache ndizo zinazoamua kama mtu atainuka na nguvu au atainuka anatetemeka.

Sasa, ni nini kinachozuia joto lisitoroke? Hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, lakini ikipata nafasi ya kuzunguka huliteka na kukimbia nalo. Kwa hiyo kazi ya mtengenezaji wa mfuko ni kuifungia hewa katika vyumba vidogo vidogo mno isiweze kutembea, tena bila kuongeza uzito. Binadamu amehangaika sana na jambo hilo, na hadi leo hajampiku bata.

Mshike bata, umpekue kifuani. Juu kuna manyoya mnayoyajua, yenye uti katikati, yanayozuia maji. Chini yake yamejificha manyoya mengine, mororo, yasiyo na uti. Weka unyoya mmoja kiganjani. Ni kishungi kidogo chenye kiini kisichozidi ncha ya sindano, na kutoka kwenye kiini hicho zimechomoza nyuzi kila upande, na kila uzi una vijiuzi vyake. Hukisikii uzito. Funga ngumi ukibane kipotee kabisa, kisha fungua: kinajinyoosha polepole na kurudi kama kilivyokuwa. Humo katikati ya nyuzi ndimo hewa inamofungwa.

Viwanda hupima ubora wa manyoya hayo kwa kuyaacha yaumuke. Gramu 28 tu, ambazo ni aunsi moja, hutiwa katika chombo cha mviringo, juu yake huwekwa kifuniko chepesi, kisha huangaliwa zimejaza nafasi gani. Manyoya ya kawaida hujaza inchi za ujazo 600, ambazo ni kama lita 10. Yaliyo bora hupita 900, karibu lita 15. Gramu 28 kujaza robo tatu ya dumu la maji! Namba hiyo huandikwa kwenye mfuko, na kadiri inavyopanda ndivyo manyoya machache yanavyotosha, na ndivyo bei nayo inavyopanda.

Bingwa wa ndege wote kwa manyoya haya ni bata wa bahari za kaskazini aitwaye eida. Jike akitaka kutaga hujing'oa manyoya ya kifuani mwake na kuyatandika kiotani, mayai yasipoe. Wakulima wa Aislandi huyaokota viotani bila kumdhuru ndege, na inahitaji viota 60 au zaidi kupata kilo moja. Kwa uhaba huo, mifuko mingi haijazwi manyoya ya eida. Hujazwa manyoya ya bata wa kawaida na bata bukini wanaofugwa kwa ajili ya nyama, hasa China na Ulaya ya Mashariki. Wamekuwapo wafugaji waliowanyonyoa ndege wangali hai, ukatili usio na udhuru, ndiyo maana siku hizi kampuni nyingi hutafuta cheti cha kuonyesha kwamba manyoya yao hayakupatikana hivyo.

Huyo eida ndiye aliyemfanya mtu mmoja achekwe mlimani. Mwaka 1922 Waingereza walikwenda Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, wamevaa makoti ya sufu na sweta juu ya sweta. Miongoni mwao alikuwamo George Finch, mzaliwa wa Australia, mwalimu wa kemia. Yeye alikuja na koti alilolibuni mwenyewe: kitambaa cha kutengenezea maputo ya kurukia angani, ndani limejazwa manyoya ya eida. Lilikuwa limefura, na wenzake walicheka. Walipopanda juu zaidi upepo ukaanza kupita katika sufu zao, na kicheko kikakatika. Finch aliandika katika shajara yake kwamba sasa walikuwa wakimwonea wivu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya hemani. Mwishoni mwa Mei, Finch, Geoffrey Bruce na askari wa Kigurkha, Tejbir Bura, walipiga hema dogo kwenye karibu meta 7,770. Dhoruba ikawakuta. Usiku kucha waliushikilia mwamvuli huo wa kitambaa usichukuliwe na upepo pamoja nao. Siku ya pili chakula kikawa kinaisha, na usiku wake baridi ikaanza kuwapanda kutoka miguuni. Walikuwa ndani ya mifuko ya kulalia, wamejifunika vyote walivyonavyo, na bado walikuwa wanapoa. Kwa nini?

Rudini kwenye jiwe letu. Mwili wako ni tofauti na jiwe kwa sababu unaunguza chakula, na kuunguza kunahitaji oksijeni. Kule juu hewa ni chache mno, kwa hiyo mwili ulikuwa hauzalishi joto la kutosha, na mfuko hauwezi kulinda kisichokuwapo. Finch, kwa kuwa alikuwa mtu wa kemia, alikumbuka mitungi ya oksijeni waliyokuja nayo kwa ajili ya kupandia. Akaileta hemani, wakaivuta kwa zamu, na mara vidole vikaanza kupata joto. Walilala wakiivuta kidogo kidogo. Asubuhi ya tarehe 27 Mei 1922 walitoka. Tejbir alichoka njiani akarudi, Finch na Bruce wakaendelea hadi karibu meta 8,320. Hakuna mtu aliyewahi kufika juu kiasi hicho kabla yao.

Tangu hapo watu wamekuwa wakiupunguza mfuko. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Pierre Allain alitengeneza nusu mfuko: koti la manyoya juu, na mfuko mfupi wa kuingiza miguu chini. Kama koti unalo tayari, ya nini kubeba manyoya mengine ya kufunika kifua? Wapandaji wa kasi bado wanafanya hivyo. Siku hizi kitambaa cha nje kimekuwa chembamba hadi kinaonyesha manyoya yaliyomo. Unene wa uzi wake hupimwa kwa denia, yaani idadi ya gramu katika uzi wenye urefu wa meta 9,000. Kuna mifuko ya denia 10. Uzi wa kilomita tisa, gramu kumi! Zipu nayo hukatwa ikawa fupi, mahali pengine ikaondolewa kabisa, na umbo likawa pana mabegani na jembamba miguuni, ili usilipie kwa joto lako nafasi tupu usiyoilalia. Ndani huwekwa kuta za wavu mwepesi, manyoya yasikimbilie upande mmoja. Ukiona mfuko ulioshonwa juu na chini kwa mshono mmoja ulionyooka, jua kila mshono ni mahali pasipo na manyoya, na baridi itapitia papo hapo. Kwa ujanja huo wote, mfuko wa kustahimili nyuzijoto 10 chini ya sifuri huweza kuwa na uzito usiofika kilo moja, wakati ule wa nyuzi za viwandani wenye uwezo huohuo hukaribia mbili.

Adui wa manyoya ni maji. Yakilowa hushikana, vyumba vya hewa hufungika, na mfuko wa bei kubwa hugeuka tambara. Maji hayatoki mvuani tu. Unavuta pumzi, unatoka jasho, na unyevu huo huingia mfukoni. Mwaka 1911 Waingereza watatu, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, walisafiri Antaktika katikati ya giza la majira ya baridi kutafuta mayai ya pengwini. Baridi ilipita nyuzijoto 60 chini ya sifuri. Mifuko yao ilikuwa ya ngozi yenye manyoya, na kila usiku pumzi na jasho vikaganda humo. Mfuko wa Cherry-Garrard ulianza safari ukiwa na kilo 8 hivi. Uliporudi ulikuwa na kilo 20, nyingi zake barafu. Kuingia mifukoni walilazimika kuiyeyusha kidogo kidogo kwa miili yao, wakitanguliza miguu. Kwa hiyo ukilala mlimani, acha pua na mdomo nje hata kama baridi inauma, na jua likitoka anika mfuko kabla hujaukunja. Ukifika nyumbani usiuhifadhi umekandamizwa: uache wazi katika mfuko mpana, manyoya yapumue.

Jambo lingine dogo ambalo limewaliza wengi: manyoya yaliyo chini ya mgongo wako yamebanwa na uzito wako, hayana hewa, kwa hiyo hayana kazi. Ardhi itakunyonya joto usiku kucha usipoweka godoro la kujaza hewa chini. Baadhi ya mifuko myepesi kabisa haina manyoya upande wa chini kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna zile namba za nyuzijoto kwenye lebo. Hupimwa maabara kwa sanamu ya mtu iliyotiwa joto, na mara nyingi huwa tatu: ya kulala kwa raha, ya mpaka, na ya hatari. Muuzaji anapenda kukutajia ya mwisho kwa kuwa inasikika kama ya shujaa. Hiyo maana yake ni kwamba pengine hutakufa, basi. Wewe soma ya kwanza.

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro hukodi mifuko yao, na iwe ya kukodi au ya kununua, mfuko huo haupandi mlimani wenyewe. Huwekwa katika begi kubwa, na begi hubebwa na mpagazi kichwani au mabegani. Sheria za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 za mzigo, uzito uleule wa mfuko wa Cherry-Garrard ulioganda. Kila gramu iliyopunguzwa kiwandani inapungua shingoni mwake, na hilo ni jema. Lakini mpagazi naye analala Barafu, kwenye upepo uleule, na si kila mmoja wao ana mfuko unaofanana na ule alioubeba. Mjini Moshi liko shirika, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo tangu 2003 limekuwa likifuatilia hali zao na huwaazima nguo za baridi bila malipo. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwa anayelipia safari, na siku moja anaweza kuwa wewe. Kabla hujatoa pesa, iulize kampuni: wapagazi wenu wanalalia nini? Wakishindwa kukujibu, tafuta kampuni nyingine.