Maziwa Safi (3): Chombo Ndicho Kinachochachisha

Wiki ya Maziwa imekwisha, na kama ilivyo ada, hotuba za Juni 1 zilijaa mitamba, uhimilishaji na lita kwa siku. Nimezisoma zote nilizozipata magazetini. Majani yamesifiwa, mbegu bora imesifiwa, soko limelaumiwa. Dumu la plastiki halikutajwa hata mara moja, na mimi nimelipiga vita dumu hilo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua tulipoishia: kiwele kimeoshwa na kukaushwa, mikono ya mkamuaji imetakata, michirizi ya kwanza imekaguliwa kwenye kikombe cheusi. Maziwa yanayotoka hapo, ng'ombe akiwa mzima, yana bakteria wachache mno. Basi yanaharibikia wapi?

Louis Pasteur aliandika mwaka 1857 kwamba uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai. Miaka 20 baadaye, Oktoba 1877, Joseph Lister akasimama King's College, London, kulieleza jambo hilo kwa vikombe vya kioo vyenye maziwa. Huyu ndiye daktari mpasuaji aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu vidondani. Alichukua vioo vilivyotakaswa kwa joto, akatia maziwa yaliyochemshwa. Kisha akayazimua maziwa yaliyochacha kwa maji safi mno, akaendelea kuyazimua hadi tone moja lilitarajiwa kuwa na bakteria mmoja tu, au lisiwe naye kabisa. Akadondosha matone hayo kioo kwa kioo. Baadhi ya vioo viliganda, vingine vikabaki vibichi. Kama maziwa yangekuwa na tabia ya kuchacha yenyewe, vyote vingeganda. Kila nikifundisha habari hii huwa nanyamaza kidogo darasani, maana hapo ndipo sayansi nzima ya maziwa inapoanzia: maziwa hayachachi, yanachachishwa.

Lakini bibi zetu hawakumsubiri Lister. Nenda boma lolote la Kimasai ambako kibuyu bado kinaheshimiwa, umwangalie mama akikitayarisha. Anachukua kijiti cha mzeituni mwitu, oloirien kwa lugha yao, anakichoma mpaka ncha inakuwa kaa jekundu. Anakiingiza kibuyuni na kukisugua ukutani, kaa linavunjika, moshi unajaa, anafunika. Anatikisa. Anasubiri. Halafu anapiga brashi mpaka majivu yote yametoka, ananusa mdomo wa kibuyu, na asiporidhika anaanza upya. Nchini Kenya, Wanandi na Wakipsigis hufanya hivyo hivyo kwa mti wa senetwet na brashi ya sosiot, ndipo wapate mursik, maziwa ya mgando wanayopokewa nayo wanariadha uwanja wa ndege. Wahima wa Ankole na Wanyarwanda wana vyombo vyao vya mti, ekyanzi na icyansi, navyo hufukizwa kwa moshi wa nyasi.

Moshi ule una fenoli zinazozuia bakteria, na joto lake hukausha unyevu ambao bakteria wanautegemea. Akina mama hawakuwa na neno bakteria. Walikuwa na nidhamu, na msichana aliyeacha kibuyu kichafu alisikia maneno. Sisemi turudi kwenye kibuyu kwa maziwa ya sokoni: ukuta wake una vinyweleo, na lita 20 haziingii humo. Nasema tumepokea sabuni, bomba na klorini, tukaiacha ile nidhamu.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa wilayani Arumeru. Mama mmoja alifika na dumu la lita 20 lililowahi kubeba mafuta ya kupikia. Mpokeaji alichanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kijiko. Yakakatika vipande vyeupe papo hapo, dalili kwamba yameanza kuchacha. Yamekataliwa.

"Mwalimu, nimelisuuza alfajiri hii hii," aliniambia, na macho yalimjaa machozi.

"Naamini, mama. Niuzie hilo dumu."

Nililinunua, nikalipasua kwa panga mbele yake. Kuta zilikuwa na mikwaruzo mingi kama ubao wa kukatia nyama. Lakini mkono wa dumu, ambao ndani ni uwazi na hakuna brashi inayofika, ulikuwa na ukoko wa manjano unaoteleza kidoleni, na harufu yake ilitufanya sote wawili turudi nyuma. Mama yule hakuwa mvivu. Alipewa chombo kisichosafishika.

Piga hesabu. Katika joto la maziwa mapya bakteria wengi wanaweza kugawanyika kila nusu saa. Mmoja aliyekuwa mkononi mwa dumu saa 11 alfajiri, ifikapo saa 4 asubuhi ni 1,024. Na hakuwa mmoja.

Nafasi imeniishia, kwa hiyo utaratibu nautaja kwa haraka. Suuza chombo mara tu baada ya kukamua, kwa maji ya vuguvugu; yakiwa ya moto sana protini inaiva na kung'ang'ania ukutani. Kisha osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, maana mafuta ya maziwa hayaondoki kwa maji baridi. Suuza tena, takasa kwa maji yanayochemka au klorini kwa kipimo cha kwenye kibandiko, pindua chombo juu ya kichanja juani. Usikifute kwa kitambaa. Ukiona ukoko mgumu mweupe, huo ni chumvi za kalisi, sabuni haiuwezi. Unatoka kwa dawa ya asidi. Wenye mashine wabadili mipira ya vikombe vya kukamulia kabla haijapasuka, kwa sababu ufa wa mpira ni mkono wa dumu mwingine.

Keni ya alumini ni ghali, najua. Ushirika unaokata dawa na pumba kwenye malipo ya maziwa unaweza kuikata na keni kidogo kidogo vilevile, na viongozi wa ushirika wanaosoma gazeti hili nawaomba walipeleke jambo hilo kwenye mkutano ujao. Nawe mfugaji, kabla ya sehemu ya nne itakayohusu kupoza maziwa, chukua dumu lako moja kuukuu, lipasue mkono, uangalie ndani.