Mzazi, ijue risasi isiyotoka kwenye bunduki

“Daktari, mwanangu hajapigwa risasi na mtu yeyote.” Hivyo ndivyo mama mmoja alivyonijibu nilipomsomea majibu ya damu ya mtoto wake wa miaka minne. Sikucheka, maana kosa halikuwa lake. Lugha yetu imeipa metali hii jina lilelile la kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na mzazi aliyekaa saa tatu kwenye benchi akisubiri kuitwa hawezi kulaumiwa akisikia hilo tu.

Mtoto alikuwa ameshatibiwa malaria mara mbili na minyoo mara moja. Tumbo lilikuwa linamsokota, choo kigumu, damu imepungua. Mama akaongeza kwamba siku hizi mtoto amekuwa mkali, hachezi na wenzake, na maneno aliyokuwa ameanza kuyatamka vizuri yanapotea. Kilichonifanya niombe kipimo hicho ni swali jepesi ambalo sisi madaktari tunalisahau mara nyingi: baba anafanya kazi gani?

Baba anatengeneza chubwi. Anakusanya betri chakavu za magari, anazivunja uani, anayeyusha mabamba ya ndani kwenye karai juu ya moto wa kuni, kisha anawauzia wavuvi. Ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba na ada za shule za wakubwa wa mtoto huyu. Sampuli ilibidi isafirishwe mbali, na majibu yaliporudi yalisoma mikrogramu 38 kwa desilita moja ya damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na linashauri kwamba kuanzia 5 tu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Mwili wa mtoto huidhania risasi kuwa ni madini ya chokaa unayoyahitaji kujenga mifupa, hivyo unaipokea. Mtoto mdogo anaweza kufyonza kupitia tumboni mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima, na akiwa na upungufu wa chuma au chokaa hufyonza zaidi. Kutoka kwenye damu inaingia kwenye ubongo, ini, figo, meno na mifupa. Kwenye mifupa inaweza kukaa miaka mingi, na msichana aliyeipata utotoni anaweza kuitoa mifupani akiwa mjamzito ikamfikia mwanawe tumboni. Ikiwa nyingi sana huleta degedege, kupoteza fahamu na kifo. Ikiwa kidogo haimlazi mtoto kitandani. Inamwondolea akili kidogo, utulivu kidogo, na mwalimu anasema ni mvivu.

Sasa msomaji, niruhusu nitoke kidogo chumba cha daktari, kwa sababu ugonjwa huu hautibiwi vizuri kwa vidonge. Umepunguzwa duniani kwa sheria, na palipokosekana sheria, au palipokuwa na sheria bila msimamizi, watoto wameugua.

Petroli ya bibi na babu zetu

Ukiwa na umri kama wangu, yaani umeshapita 40, ulikua ukivuta risasi barabarani. Mwaka 1921 mhandisi wa Marekani aitwaye Thomas Midgley aligundua kwamba mchanganyiko wenye risasi ukitiwa kwenye petroli, injini haigongi. Mwaka 1923 ikaanza kuuzwa. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili kwa sumu hiyo. Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano, na mmoja wa waliosimama kupinga alikuwa daktari mwanamke, Alice Hamilton, mtaalamu wa magonjwa ya viwandani. Alionya kwamba risasi haina matumizi salama ya namna ile. Mauzo yalisimama kwa muda, kamati ikaundwa, na mwaka 1926 ikasema haioni sababu ya kuzuia. Petroli ile ikaenea dunia nzima, mpaka kwetu.

Nasema kwa aibu kwamba aliyeitetea zaidi kwa miongo iliyofuata naye alikuwa daktari, Robert Kehoe, aliyelipwa na wenye bidhaa. Hoja yake ilikuwa moja: leteni ushahidi kwamba inadhuru, la sivyo tuendelee. Ukisikia hoja hiyo leo kuhusu bidhaa yoyote anayopewa mtoto wako, uliza ni nani anayepaswa kuthibitisha, muuzaji au mtoto.

Kilichovunja mambo kilikuwa sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970. Ilidai moshi wa magari upunguzwe sana, na watengenezaji wakalazimika kubuni kile kifaa cha kwenye ekzosi ambacho mafundi wetu wanakiita masega. Magari ya mwaka 1975 yakatoka nacho. Masega hayavumilii risasi, yanaharibika. Kwa hiyo petroli isiyo na risasi ikawa lazima ipatikane, na viwanda vilivyokuwa vikisema haiwezekani vikaiweza. Watoto wa Marekani wa mwaka mmoja hadi mitano waliopimwa kati ya 1976 na 1980 walikuwa na wastani wa mikrogramu 15 kwa desilita. Waliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa chini ya 3. Hakuna dawa ninayoijua iliyowahi kuwafanyia watoto wengi hivyo kitu cha namna hiyo.

Afrika ilichelewa, lakini ilipoamua haikusuasua. Juni 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa petroli yenye risasi, na ilipofika Januari 2006 zilikuwa zimeacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiuzia magari ya barabarani, Julai 2021. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala leo havuti kile nilichovuta mimi nikienda shule. Wazazi wengi hawajui hata kwamba jambo hilo lilitokea.

Sheria iliyolala

Lakini karatasi haimlindi mtoto ikiwa imelala kabatini. Nenda Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa. Mwaka 2007 kilianza hapo kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kenya wakati huo ilikuwa na sheria ya mazingira na mamlaka ya kuisimamia. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, aliugulikiwa na mwanawe mchanga aliyekuwa akinyonya, na vipimo hatimaye vikaonyesha risasi. Alianza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikigawa lawama kati ya wenye kiwanda na vyombo vya serikali vyenyewe. Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu, msomaji: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17.

Mbaya zaidi ilikuwa Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wakisaga mawe yenye risasi majumbani, na zaidi ya watoto 400 walikufa. Nakumbuka Zamfara kila ninapopita kwenye vijiji vyetu ambako mawe ya dhahabu yanasagwa karibu na watoto.

Nyumbani kwako

Kikomo cha risasi kwenye rangi kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika milioni moja, na nchi zetu za Afrika Mashariki zimekichukua kwenye viwango vyao. Kwa hiyo unaponunua rangi ya chumba cha mtoto, hasa zile za mafuta zenye njano na nyekundu kali, tafuta alama ya shirika la viwango na usikubali kopo lisilo na jina la mtengenezaji. Rangi ya zamani inayobanduka usiikwangue ikiwa kavu. Iloweshe kwanza, watoto wawe mbali.

Wanja ni mazungumzo magumu, najua, kwa sababu bibi zetu walitupaka na macho tunayo. Baadhi ya wanja wa manga husagwa kutoka kwenye jiwe ambalo lenyewe ni risasi na salfa. Mtoto anafikicha macho, kisha anaweka vidole mdomoni. Mwache mtoto bila wanja. Sufuria zinazosubuliwa mitaani kutokana na vyuma chakavu nazo zimepimwa katika nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwamo, na baadhi zilitoa risasi kwenye chakula, hasa chenye asidi kama nyanya, ndimu au ukwaju. Mama mjamzito anayetafuna udongo naye azungumze na mkunga wake bila kuona haya, maana baadhi ya udongo unaouzwa sokoni una risasi.

Betri ikifa, irudishe nzima dukani au kwa mnunuzi rasmi. Usimruhusu mtu aivunjie uani kwako hata akikupa bei nzuri. Na kama wewe ndiye fundi, nguo za kazi zisiingie ndani na usimbebe mtoto kabla ya kuoga. Mpe mtoto dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa. Usimpe dawa za kusafisha damu. Dawa halisi za kutoa risasi mwilini zipo, zinatolewa hospitalini na kwa kawaida kwa kiwango cha 45 na kuendelea, na hata hizo hazirudishi kile ubongo ulichokwisha kupoteza.

Kuhusu yule mtoto, hatukumpa dawa hizo. Tulimpa chuma, na baba aliitwa. Alikuja na kofia mkononi, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri: “Daktari, nikiacha, tutakula nini?” Tulikubaliana ahamishe karai mbali na nyumba, na udongo wa juu pale uani ufukuliwe na kufunikwa. Alifanya yote mawili. Sijaona mkaguzi yeyote aliyefika mtaani pale, wala kumwambia betri zile angeweza kuziuza nzima wapi. Baada ya miezi mitatu kipimo kilishuka hadi 27. Cha pili ni Ijumaa ijayo.