Mkono Unatetemeka Wakati Gani?

Julai 1996, bondia Muhammad Ali alisimama Atlanta kuwasha mwenge wa Olimpiki. Mkono wa kulia ulishika mwenge. Uliotikisika zaidi ni wa kushoto, ambao haukuwa na kazi yoyote.

Hapo daktari wa neva hupata dalili ya kwanza. Kabla ya kupima chochote, huuliza mkono unatetemeka lini: ukiwa umepumzika au ukiwa kazini?

Kutetemeka kwenyewe si ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya akinyoosha vidole na kuwekewa karatasi juu yavyo, pembe za karatasi zitachezacheza, kwa kawaida kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Hofu, kahawa kali, sukari kushuka mwilini, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hata salbutamol ya wagonjwa wa pumu, vyote huuzidisha mtikisiko huo.

Aina inayosumbua wengi ni ya mkono ulio kazini. Chai humwagika kabla ya kufika mdomoni, saini inakataliwa benki. Mara nyingi mzazi naye alikuwa hivyohivyo. Pombe kidogo huituliza kwa muda, jambo linalowaponza wagonjwa wengi, maana majirani huwaona walevi tu. Propranolol, dawa inayojulikana zaidi kwa presha, husaidia, ingawa mwenye pumu haimfai.

Ugonjwa wa Ali, Parkinson, ni mwingine. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza mwaka 1817: mkono hutikisika ukiwa umelala pajani, na mara nyingi hutulia ukinyooshwa kuchukua kitu. Chanzo ni kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo. Mwendo huwa mzito, mwandiko huwa mdogo, mkono mmoja hauyumbi mtu anapotembea. Na wapo wasiotetemeka kabisa. Dawa iitwayo levodopa hurudisha wepesi bila kuponya. Mbegu za upupu, ule unaowasha, zina levodopa pia, lakini hakuna awezaye kukisia kipimo kwa kutafuna.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000 waliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.