Kinywa Huangaliwa Kabla ya Jino Kung'olewa

Saratani ya kinywa huota mahali pa wazi: pembeni na chini ya ulimi, kwenye ufizi, ndani ya shavu. Taa na kioo kidogo vinatosha kuiona. Hata hivyo wagonjwa wengi nchini hugundulika taya limeshaliwa na tezi za shingo zimeshavimba.

Mtu wa Mgeta, Matombo au Kinole hashuki milima ya Uluguru ili akaangaliwe kinywa. Hushuka Morogoro mjini kung'oa jino, baada ya siku nyingi za kumeza dawa za dukani. Kwa hiyo zile dakika za kusubiri ganzi ishike ndiyo nafasi aliyo nayo daktari wa kinywa na meno. Huuvuta ulimi kulia na kushoto, huuinua, hupapasa mashavu na shingo. Saratani changa haiumi, mgonjwa hataitaja. Kinachotafutwa ni kidonda kilichopita wiki mbili, pengo la jino lisilofunga, baka jeupe lisilofutika au jekundu, ambalo ni baya zaidi. Mtego mkubwa ni jino lililolegea ilhali ni zima na ufizi hauna ugonjwa: likishang'olewa, dalili imetupwa na ugonjwa umebaki. Kwa mtoto, meno kulegea na taya kuvimba vyaweza kuwa dalili za saratani aliyoieleza daktari wa upasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, ambayo hufuata maeneo yenye malaria nyingi.

Kinga huanza kwa maswali. Sigara na pombe vikikutana, hatari huzidi sana. Ugoro, unaochanganywa na magadi na kubanwa mdomoni, huacha baka palepale unapokaa. Mgonjwa akionyeshwa baka hilo kwenye kioo, hahitaji bango. Kuacha tumbaku ni ushauri mgumu kidogo katika mji wenye viwanda vya kusindika tumbaku. Kwa watu wenye ualbino, mdomo huchomwa na jua, hivyo kofia pana nayo ni kinga.

Baka likitiliwa shaka, kinyama hukatwa na kupelekwa maabara. Upasuaji mkubwa hufanyika hospitali ya Muhimbili na mionzi hutolewa taasisi ya saratani ya Ocean Road, zote Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190 kutoka Morogoro. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) imeifupisha safari hiyo, lakini barabara ya kushuka mlimani ni ileile. Majibu ya maabara huchukua muda, na mgonjwa huwa amesharudi shambani, kwa hiyo namba yake ya simu huandikwa pamoja na ya ndugu aliye mjini.